Mgahawa wa mbaazi, Ngamiani: nyota nne, na neno lililonisumbua

Mgahawa wenyewe hauna bango. Uko Ngamiani, Tanga, huku kwenye barabara zetu za namba, na ukimuuliza fundi baiskeli yeyote "wapi pale pa mbaazi" atakunyooshea bisibisi bila kuinua kichwa. Nilimwomba mwenyewe ruhusa ya kuandika jina lake, akakataa. "Mwalimu, watakuja wengi, mbaazi zitakwisha saa moja, halafu nyinyi wa siku zote mtanilaumu." Basi nitamwita Bi Mkubwa, kama anavyoitwa na kila mtu, na namba ya barabara nitaimeza.

Nilistaafu ualimu mwaka 2019. Tangu hapo nakunywa chai pale siku nne kwa wiki, pengine tano. Nafika kwa baiskeli saa moja kasorobo, naiegemeza kwenye mwembe, naingia. Meza ni sita, zimetandikwa plastiki za maua, na benchi la mlangoni lina mguu mmoja mfupi uliotiwa kipande cha kandambili. Sijawahi kula bure pale, na haya naandika kwa hiari yangu.

Nianze na chakula, maana ndicho kilichonipeleka. Mbaazi zinalowekwa jioni, zinabandikwa usiku kwenye mkaa, na alfajiri zimeiva kiasi kwamba ukiibana moja kwa ulimi tu inaachia. Tui jepesi linatangulia. Tui zito linakuja mwisho kabisa, moto umeshapunguzwa, na upawa hauachi kuzunguka ili lisikatike. Nazi inakunwa palepale uani, kwa mbuzi, na ukiwahi kabla ya saa kumi na mbili na nusu utasikia mkuno wake kabla hujasikia salamu. Wapo hapa mjini wanaotumia tui la pakiti. Halikatiki, hilo nawapa, ila ukila unabaki na kitu kama utando kwenye meno. Mahamri yana iliki ya kutwangwa siku hiyohiyo na ndani ni matupu, kama inavyotakiwa. Chapati zinachambuka. Chai ya rangi ina tangawizi na mchaichai, na sukari nyingi mno, nimeshalalamika mpaka nimechoka. Wanaitia humohumo kwenye sufuria, hakuna cha kuchagua. Bei hazijaandikwa ukutani, kwa hiyo nakutajia: hamri 200, chapati 500, sahani ya mbaazi 1,000, chai ya rangi 300, ya maziwa 600. Mchana kuna wali wa nazi na mchuzi wa nguru, ambao ni wa kawaida. Usisafiri kwa ajili yake.

Sasa kuhusu watu wa pale.

Kila ninayempeleka, hasa hawa vijana wanaoshuka na mabasi kutoka Dar es Salaam, akitoka anasema, "Aisee, hawa watu wakarimu sana." Mimi nimefundisha Kiswahili miaka 31 na masikio yangu hayajastaafu. Mkarimu ni anayetoa. Umemfikia hakukutegemea, akakukaribisha ndani, akakuongezea mboga mpaka ukaifunika sahani kwa kiganja, huyo ndiye mkarimu. Bi Mkubwa anauza. Ukitoka hujalipa utaitwa, tena kwa jina la baba yako. Kumwita mkarimu ni kumfutia hesabu zake, kana kwamba ngano na mkaa huletewa na upepo wa bahari. Na mteja aliyelipa 2,300 yake akasema "wakarimu" anajipunja na yeye, anajifanya mgeni mahali ambapo ana haki zake.

Tena neno lenyewe limeshapata ajali. Ukarimu na takrima ni ndugu, mzizi mmoja wa Kiarabu. Wa umri wangu mtakumbuka: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, takrima ya mgombea kwa wapiga kura ikaruhusiwa kwa jina la ukarimu wa kijadi, na ikabaki hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Hadi leo mtu akinitolea soda nisiyoiomba natafuta kwanza anagombea nini.

Si kwamba mimi ni msafi katika jambo hili. Kwa miaka hiyo 31 nilikuwa najaza fomu za maendeleo ya wanafunzi, na kila fomu ilikuwa na sehemu yake ya tabia na mwenendo. Utii, usafi, heshima, ushirikiano, uaminifu, kila kimoja na herufi yake, halafu chini mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa. Kwenye mstari ule nimefanya dhambi. "Mtulivu" niliwaandikia wale ambao sikuwakumbuka sura. "Mchangamfu" alikuwa yule asiyenipa nafasi ya kusema darasani kwangu mwenyewe. "Ana uwezo wa uongozi," huyo aliwanyang'anya wenzake madaftari. "Msikivu" nililipenda, lakini siku hizi limehamia kwenye siasa, kila serikali ni sikivu, nikawaachia. Na mwaka mmoja, nina darasa la watoto 74 na chemli inayoishiwa mafuta, niliandika "ni mpole, aongeze bidii" mara sijui ngapi, mpaka mkono ukawa unaandika wenyewe.

Hilo la upole nimelilipia hapahapa, mbele ya meza sita.

Siku hiyo dada wa chapati ndiye aliyekuwa anapokea pesa. Akaniambia nimekula chapati tatu. Mimi nikasema mbili. Akasema tatu. Nikapandisha sauti, ile sauti ya gwaride la asubuhi, na watu wakageuka. Nikamwambia kama hajui kuhesabu aseme. Yule binti akainamisha macho, akanyamaza kimya. Nikalipa za chapati mbili, nikapanda baiskeli, na nilipofika kona nikaanza kuona aibu. Mtoto wa watu mpole vile, nimemfokea kwa ajili ya shilingi 500.

Kesho yake nikaenda mapema, nikamfuata jikoni. "Binti yangu, niwie radhi. Jana nilikufokea, na wewe kwa upole wako ukaninyamazia."

Akageuza chapati kwanza. Akaikandamiza pembeni kwa kijiko, ikafura, akaitoa. "Upole gani, Mwalimu? Nilikuwa nasikia harufu ya chapati inaungua, nikawa naomba umalize." Halafu akanitazama. "Na ulikula tatu. Ya tatu uliila umesimama hapo nje, unaongea na fundi habari za gurudumu."

Ni kweli. Niliila nimesimama.

Nilimlipa zile 500, na njiani nikawa nawafikiria watoto wangu wote niliowaandikia "mpole". Wangapi walikuwa wananusa chapati inaungua mahali fulani, wakisubiri nimalize? Sikiliza pia tunavyolitumia neno hilo tukiwa hatujajipamba. Timu ikipigwa mabao matatu tunasema imekuwa mpole. Mwizi akishakamatwa, kawa mpole. Ndani ya neno hilo mna mtu aliyenyamazishwa, na sisi tunampa mtoto kama tuzo.

Kijana wa chai naye ni habari nyingine. Salamu yake inakufikia baiskeli haijasimama: "Mwalimu shikamoo! Ya rangi?" Marahaba yangu inamkuta ameshamimina. Ana bashasha, uso mkunjufu, na ukimwona utafikiri amelala usingizi wa mtu tajiri. Anasikiliza mpira redioni usiku kucha, kwa hiyo kwake kila kitu ni murua. "Chai murua hiyo, Mwalimu!" Nilijaribu kumweleza kwamba murua lilikuwa neno la mwenendo wa mtu, mtu mwenye murua, kabla watangazaji hawajalichukua kwenda kulipachika kwenye krosi na mabao. Akanisikiliza vizuri sana. Akasema, "Maelezo murua." Nikaacha.

Mwanzoni alikuwa akivuka kutoka uchangamfu kwenda mazoea. Siku moja aliingia mama mmoja kijana, mgeni, kavaa vizuri, na yule kijana akamwekea kikombe akamwambia, "Karibu mrembo." Bi Mkubwa yuko kaunta anahesabu sarafu. Hakusema kitu. Alimkata jicho, jicho moja, kisha akarudi kwenye sarafu zake. Kijana akapoa palepale, na tangu siku hiyo ni "dada" na "mama" na "shangazi", kila mtu kwa umri wake. Sisi waalimu "kumtia mtu adabu" kwetu kulikuwa na fimbo ndani yake. Nilitia adabu nyingi, Mungu anisamehe, na sidhani kama nyingi ilibaki. Ile ya Bi Mkubwa ilichukua muda wa kupepesa macho na bado ipo.

Mtu asije akachanganya haya na mafunzo. Mwaka jana mwanangu alinipeleka kula kwenye hoteli moja kubwa ya ufukweni, mji mwingine, sitaitaja. Wahudumu wamevaa sare, mikono nyuma. Kijana wetu alisema "Karibu sana mteja wetu" alipotuona, akasema tena alipoleta maji, akasema tena alipoleta samaki. Sauti ileile, tabasamu lilelile, limefunguliwa na kufungwa kama mlango wa friji. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?" Akababaika. Swali hilo halikuwemo. Na bili akaiweka mezani bado nina mwiba mdomoni. Kile ni nidhamu, na mimi siidharau, nimekula mshahara wa nidhamu miaka yote hiyo. Nidhamu inajua la kufanya mteja akifika. Adabu ingeuona ule mwiba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lililonifanya niandike badala ya kubonyeza nyota na kulala.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, mgahawa umejaa, watu wamekunja suruali. Mimi nimesimama kaunta nangoja chenji. Mbele yangu mzee mmoja, hirimu yangu au kanizidi kidogo, kanzu yake imefuliwa mpaka imepata rangi ya maji ya mchele. Amekula mahamri manne, sahani ya mbaazi na chai ya rangi. Ni 2,100. Akatia mkono mfuko wa kulia, akatoa noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne. Akatia wa kushoto, akatoa sarafu mbili za mia mbili. Akarudi kulia. Akajigusa kifuani. Mkono ule ulikuwa unatafuta kitu ambacho mwenyewe alishajua hakipo, ila kusimama tu bila kutafuta kungekuwa kubaya zaidi. Zile za kiganjani akazishusha chini ya ukingo wa kaunta, mahali ambapo watu wa mezani hawaoni. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa karibu, na kwa sababu mwalimu ana ugonjwa wa kuangalia mikono ya watu.

Bi Mkubwa akanyoosha mkono, akazipokea zikiwa zimefumbatwa vilevile. Noti hakuikunjua. Akazitia kwenye lile kopo lake la maziwa ya unga, na akasema kwa sauti ya kufika mpaka benchi la mlangoni, sauti ambayo si yake ya kila siku:

"Baba, niwie radhi, chenji yako sina sasa hivi. Utaipitia kesho?"

Mzee alimtazama. Ilichukua kama pumzi mbili.

"Haina neno, mwanangu. Nitapita."

Akaenda mlangoni, akafungua mwavuli wake taratibu, akatoka kama mtu anayedai.

Watu waliendelea kula. Waliosikia walisikia kwamba mgahawa una deni. Bi Mkubwa akanigeukia, "Mwalimu, yako hii hapa," akanipa mia saba yangu. Mia saba, ndiyo, kiasi kilekile alichopungukiwa mzee, imesadifu tu, na nikaiona nzito mfukoni mpaka nyumbani.

Jioni nikaipeleka habari hiyo barazani, kwenye kahawa, bila kutaja nani wala wapi. Nilitaka neno. Nilikuwa nimejaribu peke yangu mchana kutwa nikashindwa. Ukarimu hapana, mkarimu ana sahani yake mezani na watu wanaiona. Huruma nayo inatazama kutoka juu kwenda chini, na pale hakuna aliyekuwa chini.

Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, akasema, "Huo ni utu, Mwalimu. Unatafuta nini tena?" Nikamwambia utu ni bahari, kila kitu kimo, na mimi natafuta samaki mmoja. Fundi baiskeli akasema, "Ustaarabu." Nikamkumbusha kwamba neno hilo ukilifungua utakuta Mwarabu ndani, kustaarabu ni kushika mwenendo wa Kiarabu, na halafu leo tunaliona limeandikwa wapi? Ukutani: kuwa mstaarabu, usikojoe hapa. Na mtu akikwambia "tuongee kistaarabu" ujue ameshakunja mikono ya shati. Fundi akacheka, akasema basi sema wewe.

Mimi nikaweka "uungwana", nikitegemea ndio mwisho wa kesi. Muungwana ni vitendo, si ndivyo tunavyosema? Yule mzee wa bandari akatikisa kichwa. Akasema bibi yake hakulipenda neno lile. Muungwana zamani alikuwa mtu huru, ukisema huyu muungwana umeshasema na yule mwingine ni nani. Utumwa ulifutwa kisheria hapa Tanganyika mwaka 1922, neno likabaki, likavalishwa tabia njema, lakini yeye bibi yake aliendelea kulisikia la zamani. Hapo tukanyamaza kidogo. Nimelifundisha neno hilo darasani miaka yote, pamoja na kinyume chake kwenye jedwali, na sikuwahi kumfikiria bibi wa mtu.

Muuza kahawa alikuwa ameinama, dele mkono mmoja, vikombe vinagongana kwenye mwingine. Akasema bila kututazama, "Mnazunguka nyinyi. Huyo kamsitiri mwenzake, basi."

Stara! Neno lenyewe nilikuwa nalo siku zote, nimelifungia kabatini. Tumeliacha liwe neno la nguo za wanawake, mavazi ya stara, mtandio wa stara, utafikiri halina kazi nyingine duniani. Lakini msikilize mtu akiomba: Mungu atusitiri. Haombi nguo huyo. Anaomba kisionekane mbele za watu kile ambacho kikionekana hataweza tena kupita mtaa ule kifua mbele. Tunayo methali, muungwana akivuliwa nguo huchutama, na inamwachia mvuliwa kazi yote. Bi Mkubwa alikuja na kanga kabla hajachutama, tena akapaza sauti ili watu wote watazame upande mwingine.

Nilikuwa nimefurahi, namshukuru muuza kahawa, natoa mia mbili yangu, na yeye akaipokea akaniuliza kwa upole (haya, kwa upole):

"Na wewe Mwalimu, mbona umekuja kutusimulia?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata vizuri mpaka leo. Nilichofanya ni hiki: siku, mavazi ya mzee na alichokula nimevichanganya, na hata mvua usiitegemee sana. Bi Mkubwa nimemsomea sehemu hii kabla ya kuiweka hapa. Alikuwa anachambua mchele. Akasema hakumbuki, wazee ni wengi, na chenji kila siku ni tatizo.

Kwa nini basi nyota nne? Sukari ya chai nimeshaitaja. Bomba la kunawia hukauka mara kwa mara na unanawa kwa kata na ndoo, jambo ambalo mimi halinikeri ila wapo litakaowakera. Moshi wa jikoni huingia ndani upepo ukigeuka. Hayo yote kwangu ni nusu nyota.

Nusu nyingine ni ya heshima. Wiki chache zilizopita nilikuta msichana wa shule amesimama kaunta, sare, begi mgongoni, mkononi ana mia sita, anataka mahamri matatu ya kufungiwa. Amefika kabla yangu. Saa inakimbia, na mimi najua vizuri kinachomngoja getini akichelewa, maana nilikuwa mimi. Kijana wa chai akanimiminia mimi kwanza. Dada akanikatia chapati mimi kwanza. Bi Mkubwa akasema, "Mwalimu ahudumiwe, mtoto asubiri," na msichana akasogea pembeni, akanipa shikamoo, akanipisha. Na mimi nikapokea kikombe. Nikaitikia marahaba, nikakaa, nikapuliza chai. Alipopata mahamri yake alitoka mbio, begi linampiga mgongoni.

Pale hiyo inaitwa heshima na wanajivunia, na hakuna aliyekosea adabu hata mmoja katika chumba kile, ukiwaweka kwenye fomu wote ni A. Heshima yetu inapanda tu, haijui kushuka. Mzee yule wa kanzu aliipata kwa sababu ni mzee. Sijui kama msichana akipungukiwa mia mbili ataambiwa chenji hamna. Natumaini, ila sijaona, na nyota naitoa kwa nilichokiona. Robo ya nyota hiyo ni yangu mwenyewe, kwa kukipokea kikombe.

Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu hadi Jumamosi mbaazi huwa zimekwisha saa tatu, isipokuwa Ijumaa, saa mbili na nusu. Wakati wa Ramadhani hugeuka, wanafungua jioni, na hapo mbaazi utazikuta na vitumbua. Mahamri ya kubeba wanafunga kwenye gazeti, kwa hiyo njoo na chombo chako usipotaka wino. Baiskeli weka upande wa mwembe, upande wa mtaro zinaanguka. Hawapokei malipo ya simu. Kijana wa chai ana namba yake lakini Bi Mkubwa hataki kuisikia. Kwa hiyo beba pesa ndogondogo. Chenji, asubuhi nyingi, kweli hawana.